Chelezo Juu ya Mwerebi

Inspekta Rosalind Beddoes aliteremka ukingoni kwa makalio, huku ameshika mizizi, kwa sababu matope yaliyogandishwa na jalidi hayakumpa kisigino mahali pa kukaa. Alipofika chini alikohoa mpaka macho yakatoka machozi. Mafua hayo alikuwa nayo tangu kabla ya Krismasi, na sasa ilikuwa Februari.

"Bosi, kuna ngazi ya mbao pale mbele," Konstebo Nadeem Tufail alisema kutoka juu.

"Ungesema mapema."

"Nilidhani umeamua."

Mto Ledwin mahali hapo haukuzidi upana wa barabara ya kijiji. Maji yalipita yakiwa na rangi ya chai ya rangi, bila kelele, ila kwa nguvu ambayo mtu haioni mpaka atupe kijiti. Mwerebi mzee ulikuwa umeanguka nusu kutoka ukingo huohuo, shina limelala juu ya maji, na matawi yake yalikuwa yamezuia takataka za vuli yote: matete, majani, chupa, mpira wa mtoto. Chini ya paa hilo la uchafu waliishi chabu, samaki wenye vichwa vipana na midomo myeupe, ambao baridi inapowazubaisha samaki wengine wote, wao huendelea kula. Kwa ajili yao wazee wa kijiji cha Stanbatch waliacha vitanda vyenye joto kila majira ya baridi. Kwa ajili yao Ivor Gittins, mwenyekiti wa chama chao cha wavuvi, alitoka nyumbani Jumamosi asubuhi na hakurudi.

Mama mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alimkuta Jumapili, chini kidogo ya kona ya mto, amelala kifudifudi kwenye changarawe, miguu bado imo majini. Kijiji kizima kilisema amekufa maji. Daktari aliyempasua alisema sivyo. Mapafu hayakuwa na maji ya kumuua mtu. Kucha zake zilijaa changarawe. Alikuwa ametambaa mwenyewe kutoka mtoni, kisha baridi ikammaliza. Habari hiyo walikuwa nayo polisi na mjane wake tu. Kisogoni alikuwa na jeraha. Na ndani ya vidole vya mkono wa kulia kulikuwa na michirizi myembamba iliyopishana, imezama kwenye nyama, kama mtu aliyekandamiza mkono kwenye chekeche.

"Seng'enge," daktari alikuwa amesema. Beddoes alikubali kwa sababu jioni ile alikuwa amechoka. Asubuhi hii alikuwa ametembea ukingo wote kutoka kona hadi hapa, na hakuona seng'enge hata moja inayogusa maji.

"Rudia vitu vyake," alimwambia Tufail.

Tufail alivijua kwa moyo. "Fimbo yake ya kuvulia, imeegemezwa kwenye kijiti chake. Mshipi, chelezo na ndoana, vyote vimo, vizima. Ndoo ya mkate uliopondwa. Mkoba, ndani mkate mwingine na chupa ya supu. Na wavu wa mpini wa kuopolea samaki, mkavu."

"Wavu wa nini?"

"Wa kuopolea samaki, bosi. Nimesema."

"Nauliza umefumwa kwa nini."

Tufail alifikiri. "Mpira. Ule wa kisasa, laini laini, haumuumizi samaki."

Beddoes alisogea kwenye shina la mwerebi. Kuvu la kijani lilikuwa limekwanguliwa sehemu mbili, na juu zaidi, kijitawi kilikuwa kimevunjika, jeraha lake bado jeupe. Mzee wa miaka sabini na moja alikuwa amepanda juu ya shina hilo akalifuata kuelekea majini. Walikuwa wameshalijua hilo. Ambacho hakuna aliyekijua ni sababu. Kama mtu alimpiga kisogoni, hakumpigia juu ya mti. Na kama aliteleza tu, alikuwa anafuata nini huko?

Alifuata kwa macho njia ambayo mkono wa mtu mrefu ungefika. Ivor alikuwa mrefu. Mwisho kabisa wa njia hiyo, katika vijitawi vilivyoning'inia juu ya maji, palikuwa na kitu chembamba chenye ncha nyekundu.

"Lile ni tunda?"

Tufail alichuchumaa. "Mwerebi hauna matunda mekundu, bosi."

"Najua hauna."

Sauti ya trekta ilikuja kutoka shambani, ikazimika juu yao. Glyn Preece, mwenye shamba hilo, alitokeza kichwa chenye kofia ya sufu. Siku mbili zilizopita ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kwenye fikra za kila mmoja. Alitaka kuukata mwerebi kwa sababu ulifurisha maji kwenye malisho yake. Ivor alimkatalia, na mbele ya baa nzima Preece alimwambia kwamba siku moja atamkuta chini ya mti wake.

"Mmerudi," alisema.

"Tumerudi."

"Wale wa mnada hawajawaambia?"

"Wametuambia. Ulikuwa kule na kondoo wako Jumamosi yote, ukagombana na dalali."

"Dalali ndiye aligombana na mimi." Alitema mate pembeni. "Nilisema nitaukata mti, dada. Sikusema nitamkata mzee."

"Sina shida na wewe tena, Bwana Preece. Nina shida na kile kitu chekundu pale. Trekta lako lina lile beleshi la mbele?"

Preece alikitazama kile kitu, kisha akamtazama Tufail kuanzia viatu hadi kichwani. "Ana uzito gani huyu?"

"Mimi naogopa kimo," Tufail alisema.

"Mtoni si juu," Preece alimjibu. "Ukianguka unakwenda chini."

Walimpandisha hivyohivyo. Tufail alipiga magoti ndani ya beleshi la chuma lililonuka samadi, huku mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wake, na Preece akalisogeza taratibu juu ya maji, kwa upole ambao Beddoes hakuutarajia kwake. Tufail alikata kijitawi chote kwa kisu na kukiweka kwenye mfuko wa plastiki. Aliporudi ardhini uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

Kilikuwa chelezo cha kuvulia, kimetengenezwa kwa unyoya wa kunguru, ncha imepakwa rangi. Kilijizungusha mara nyingi kwenye kijitawi. Juu yake mshipi ulikuwa umekatwa. Chini yake ulining'inia ukiwa na vipande vya risasi vya kuuzamisha na ndoana. Mshipi ulikuwa mpya, unang'aa.

"Si cha Ivor," Beddoes alisema. "Cha Ivor kipo kwenye fimbo yake."

"Vya namna hii wanavyo wote, bosi. Niliviona kwenye banda la chama. Kuna mzee anavitengeneza, anavigawa Krismasi."

"Kuna kitu kwenye ndoana."

Tufail aliufungua mfuko, akausogeza puani, akauondoa haraka. "Mtume. Kinanuka soksi za kaka yangu."

Ilikuwa tonge dogo la kitu cha manjano chenye mishipa ya kijani, limegandishwa na baridi mpaka limekuwa gumu kama kokoto. Preece, aliyekuwa amesimama nyuma yao na mikono mifukoni, alicheka kidogo.

"Ni jibini hilo. Ukungu na yote. Lionel hulikanda na unga wa mkate. Ivor alikuwa akimwambia huo si uvuvi, ni sumu. Mmoja mkate, mmoja jibini, tangu mimi sijaota ndevu wanabishana hivyo..."

Akakatiza, akageukia trekta lake. Mto ulipita.

"Lionel Tudge," Beddoes alisema, akilikumbuka jina la mvuvi mwenzake Ivor waliyekwisha kumhoji.

"Sikusema kitu."

"Umesema, Bwana Preece."

"Mzee Tudge alikuwa kitandani Jumamosi. Kifua. Kila mtu anajua."

"Ndiyo, alituambia. Kila mtu alijuaje?"

Preece alivuta kofia ikafunika masikio. "Kwa sababu alimwambia kila mtu," alisema, na akapanda trekta lake bila kuaga.

Walikwenda kwenye gari kwa miguu kupitia malisho. Beddoes alitembea polepole, mdomoni peremende ya kikohozi, akiongea kama anayejihesabia.

"Mtu hapandi mti kufuata chelezo cha mtu asiyekuwepo. Anakifuata kwa sababu mwenyewe amesimama pale, anasikitika. Sawa?"

"Sawa. Lakini kingeweza kunasa Ijumaa."

"Ijumaa mvua ilinyesha mchana kutwa. Jibini lingelainika na kuanguka. Hili limeganda likiwa zima. Na jalidi ilianza lini?"

"Jumamosi alfajiri." Tufail alifungua mlango wa gari. "Kwa hiyo Tudge alikuwepo. Akampiga?"

"Nyoosha mkono wako."

Tufail alinyoosha. Beddoes alitoa skafu yake ya kufumwa, yenye matundu, akaiweka kiganjani mwake. "Shika. Kuna alama?"

"Hakuna."

"Endelea kushika." Aliishika ncha ya pili akaivuta kwa uzito wake wote. Tufail aliyumba mbele, akaguna. Alipofungua vidole, vilikuwa na mistari myekundu iliyopishana.

Alivitazama. "Wavu," alisema. "Wa uzi. Sio wa mpira."

"Na wavu haukati vidole vya mtu mpaka awepo mwingine anayevuta upande wa pili," Beddoes alisema. "Twende."

Lionel Tudge hakuwa nyumbani. Jirani aliwaonyesha kwa kidevu upande wa daraja la matofali, na huko wakamkuta, amekaa juu ya kisanduku chake kwenye ukingo mrefu, anavua. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, bega moja limeshuka kuliko lingine, amevaa glavu zisizo na ncha za vidole. Aliwasikia wakija lakini hakugeuka.

"Habari za asubuhi, mzee Tudge."

"Habari njema, mwanangu. Usisimame pale, kivuli chako kinaingia majini."

Beddoes alirudi nyuma. Mzee aliachia chelezo majini na mkondo ukakichukua. Kilikwenda kwenye ule mstari ambapo maji ya haraka hukutana na maji ya pole, kimesimama wima. Mara kwa mara alikizuia kidogo kwa kidole gumba juu ya kigurudumu cha mshipi, ili chambo kitangulie na chelezo kifuate. Kilifika kivulini mwa daraja, akakirudisha, akakiachia tena. Mshipi uliacha barafu kwenye pete za fimbo. Akaichovya fimbo majini ikayeyuka.

"Kifua kinaendeleaje?" Beddoes aliuliza.

"Kipo."

"Ungekuwa kitandani."

"Asubuhi zangu sijui nizifanyie nini," Lionel alisema. "Nimejaribu kukaa ndani."

"Ulituambia hukufika mtoni tangu Jumatano."

"Ndiyo nilivyowaambia."

Chelezo kilipotea. Hakikutikisika wala kuyumba. Kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Lionel aliinua fimbo na fimbo ikapinda. Samaki alikimbilia kwenye mizizi chini ya daraja, mzee akamkatalia, akasimama, akamrudisha kidogo kidogo bila haraka, huku midomo yake inatetemeka kama mtu anayesoma sala. Chabu alijitokeza juu ya maji, ubavu wa shaba, mdomo mweupe umeachama. Alikuwa mkubwa. Ukingo ulikuwa juu mno, mkono wa mtu aliyechuchumaa haukufika majini.

Lionel alitazama kulia kwake, kwenye majani. Kisha akatazama mbele tena, haraka.

Beddoes aliliona.

"Msaidie," alimwambia Tufail.

Mzee alilala kifudifudi ukingoni, Tufail akaushika mkanda wake na buti zake, na Lionel akanyoosha mkono chini mpaka akamtoa samaki ndoana majini. Chabu alitulia kidogo kati ya vidole vyake, akapiga mkia, akaenda. Lionel alibaki amelala vilevile, uso juu ya maji, hata baada ya samaki kuondoka. Tufail ndiye aliyemvuta juu.

"Wavu wako uko wapi, mzee?" Beddoes aliuliza.

"Umeoza."

"Lini?"

"Zamani."

"Hakuna mzee wa chama chenu anayevua chabu ukingo huu bila wavu. Wako ulikuwa wa uzi, wa mafundo?"

Lionel alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, upande mmoja na mwingine, ingawa ilikuwa imekwisha kauka. Beddoes alitoa picha ya vidole vya Ivor akaiweka juu ya kisanduku, na pembeni yake mfuko wenye chelezo na tonge la jibini. Kisha akasema maneno yale ambayo sheria inamtaka ayaseme: kwamba halazimiki kusema lolote, lakini asipotaja sasa jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani, huenda kunyamaza huko kukamdhuru; na kwamba chochote atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Sauti yake ilikwama katikati kwa kikohozi, akaanza upya. Tufail aliwasha kinasa sauti.

"Unataka wakili, mzee?"

"Wakili wa nini." Lionel alikaa juu ya majani yenye jalidi, si juu ya kisanduku. "Kilinasa. Nilirusha vibaya, mkono wenyewe ulikuwa na ganzi, kikaenda juu ya mwerebi. Nikakata mshipi. Nikasema potelea mbali. Yeye akasema hapana, hicho kizuri, leo hakuna kingine kitakachosimama kwenye maji haya. Nikamwambia, Ivor, teremka, punguani we. Anacheka. Mimi nimesimama pale chini nacheka naye."

"Akateleza."

"Akaanguka chali. Kichwa kikagonga shina, nilisikia. Akaibuka upande wa juu wa matawi, maji yanamsukuma chini ya ule uchafu. Unajua mtu akiingia chini ya ule uchafu hatoki. Nikamnyooshea wavu."

"Akaushika?"

"Aliushika vizuri. Nikamvuta. Alikuwa karibu, hapa, kama ulivyo wewe. Koti lake limejaa maji. Mimi nina hili bega. Nikaanza kuteleza, buti zinakwenda, hakuna pa kukanyaga. Akasema, shikilia."

Beddoes alichuchumaa mbele yake.

"Nikaachia," Lionel alisema.

Tufail aliinamisha kichwa akatazama taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti.

"Wavu haukukutoka?" Beddoes aliuliza. "Ulivutwa mkononi mwako?"

"Ungependa niseme hivyo. Hapana. Nilifungua mikono. Niliona tunakwenda wote wawili, nikafungua mikono. Kofia yake ilipita chini ya matawi, kisha sikuona kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama. Nikaita. Kisha nikakusanya vitu vyangu, vyake nikaviacha vilivyo, nikaenda nyumbani nikabandika birika."

"Simu hukupiga."

"Kumwitia nani? Alikuwa amekufa, mwanangu. Nilimwona anakwenda. Nikasema wakimkuta watajua ameteleza, na ni kweli aliteleza. Ile sehemu nyingine haimsaidii mtu yeyote kuijua."

Beddoes alijiinamia, mikono magotini. Upelelezi wake ungeweza kuishia hapo. Alikuwa na maelezo yanayolingana na alama za vidoleni mwa Ivor, jeraha la kisogo na chelezo. Lakini mzee huyu angeyasikia mengine kwa mwanasheria, au mahakamani, au dukani wakati ananunua maziwa.

"Mzee Tudge. Ivor hakufa maji."

Lionel aliinua uso.

"Alipita chini ya matawi akatokea upande wa pili. Kwenye changarawe, pale chini ya kona, alitoka. Alitambaa mwenyewe. Baridi ndiyo iliyomuua."

"Baridi," Lionel alisema.

"Ndiyo."

"Baridi haiui mara moja."

"Hapana."

"Muda gani?"

"Daktari hawezi kusema kwa hakika. Anadhani usiku ulimkuta angali hai."

Mzee alitazama mto upande wa juu, kule kona ilikokuwa, ingawa kutoka darajani haionekani. Fimbo yake ilianza kuteleza ukingoni na Tufail akaiwahi. Lionel hakuiona. Alimgeukia Beddoes.

"Nitafungwa?"

"Hilo litaamuliwa na wanasheria. Kutudanganya ni kosa. Lakini kumwachia..." Beddoes alisimama, magoti yake yakalia. "Sheria ya nchi hii haimlazimishi mtu kumwokoa mwenzake majini."

"Haimlazimishi?"

"Hapana."

"Basi ni sheria gani hiyo," Lionel alisema. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi lake lilishafutwa.

Walimsaidia kufunga vitu vyake. Alisisitiza kuukausha mshipi kwa kitambaa kabla ya kuukunja, na hakuna aliyemharakisha. Garini alikaa nyuma na Tufail, mikono juu ya mapaja. Njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya nyumba ya Gittins, na Beddoes alisimamisha gari pale. Preece alikuwa amewatangulia kwa saa nzima na trekta lake, na kijijini maneno hayahitaji trekta. Alitaka mjane ayasikie kwa polisi kwanza.

Marjorie Gittins alifungua mlango kabla Beddoes hajabisha. Alikuwa mwanamke mnene, mikono myekundu kwa maji ya moto, povu la sabuni bado linamchuruzika kwenye viwiko. Alimsikiliza Beddoes pale pale kizingitini, bila kumkatiza. Beddoes alimweleza kwa maneno machache: kwamba Lionel alikuwepo, kwamba alinyoosha wavu, kwamba aliuachia, kwamba hakuita mtu. Mwanamke alikuwa akitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, bali kama anayefuata hesabu.

"Yumo mle garini?"

"Yumo, mama. Tunampeleka kituoni."

Marjorie alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akasimama akimtazama mzee ambaye hakuthubutu kumtazama.

"Shuka," alisema.

"Bosi," Tufail alisema kutoka ndani. "Huyu yuko chini ya onyo la sheria. Na yule ni shahidi. Haturuhusiwi."

"Najua haturuhusiwi." Beddoes alihisi uchovu wa majira yote ya baridi umemkalia mabegani. Alijua atakavyoulizwa na mkubwa wake, na alijua hatakuwa na jibu zuri. "Kinasa sauti kiwe kinafanya kazi. Na mimi nasimama katikati yao."

Waliingia jikoni wote wanne. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Lionel alibaki amesimama nyuma ya kiti, amevua kofia, kwa sababu hakuambiwa akae. Marjorie alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akaitundika taulo mahali pake, akakaa mezani.

"Maji yalikuwa juu kidogo," Lionel alianza. "Tulifika mapema, tukagawana nafasi, yeye akakaa..."

"Siyo hapo," Marjorie alisema. "Hayo ameshaniambia huyu. Jioni nilikupigia simu. Anzia hapo."

Beddoes aligeuka. Katika maelezo yaliyochukuliwa Jumapili, Marjorie alikuwa amesema alidhani mumewe yuko baa, akasinzia kitini akimngoja mpaka kukapambazuka. Konstebo aliyeyaandika alikuwa ameyachukua hivyo. Hakuna aliyemuuliza nani alimtia wazo hilo.

"Ulipiga simu," Lionel alisema.

"Nikakuuliza nini?"

"Kama Ivor yuko kwangu."

"Ukasema?"

"Nikasema hayuko. Nikasema nimelala na kifua, sijamwona."

"Hukuishia hapo. Sema yote."

Mzee aliushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Nikasema leo Jumamosi, kuna mchezo wa vishale. Nikasema atakuwa amepitia baa na nguo zake za mtoni. Nikasema usihangaike, atarudi amelewa."

"Ulicheka kidogo uliposema hivyo."

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka." Marjorie alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayejaribu kukumbuka sawasawa. "Ulikuwa mtu wa kwanza niliyempigia, Lionel, na nilikupigia ili nisipishane na Ivor njiani. Nilikuwa nimeshatoa tochi. Nilikuwa nimeshavaa buti zangu za matope, nimesimama pale mlangoni. Ukaniambia yuko baa. Nikaja nikakaa kwenye kiti hicho unachokishika, nikazivua."